Tunalea Sisi, Wanachukua Chicago

Hapa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, kuna watu wazima, wenye wajukuu na mkopo wa nyumba, ambao kahawa ya asubuhi haipiti kooni mpaka wajue nani anapiga wa kwanza leo. Si kupiga mtu. Kupiga mpira. Besiboli. Na nikisema leo namaanisha kila leo, maana kwenye ligi kuu ya Marekani kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu. Mia moja sitini na mbili, jamani! Simba na Yanga wanacheza mechi 30 za ligi na nchi inakuwa haikaliki. Zidisha ugomvi huo mara tano, ndipo utajua ghala ninalofanyia kazi lina hali gani.

Timu inayotugombanisha ni Cubs ya Chicago. Chicago yenyewe iko mbali, saa tano kwa gari ukikaza mwendo. Lakini hapa mjini tuna mdogo wake, Iowa Cubs, wa ngazi ya Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Wanachezea Principal Park, pale mto Des Moines unapokutana na Raccoon. Pazuri, sikatai. Ukikaa nyuma ya goli unaliona kuba la dhahabu la bunge la jimbo linang'aa kule ng'ambo. Nimesema goli kwa mazoea. Goli hakuna, nilishatafuta.

Sasa kazi ya timu yetu ni nini? Kushinda? Thubutu! Kazi yake ni kulea. Kijana analetwa hajui kuupiga mpira unaopinda, tunamvumilia, tunampigia makofi hata akikosa, watoto wanajifunza jina lake. Siku anayoanza kuupeleka mpira ukutani, simu inalia kutoka Chicago, na kesho yake hayupo. Ni yaleyale ya shangazi aliyelea mtoto wa kaka yake kwa uji na mafua, mtoto kaanza kushika namba moja darasani, baba mtu anatokea na begi: "Nimekuja kumchukua mwanangu." Ahsante hakuna, hata kilo ya sukari.

Mwanangu anataka jezi ya Iowa yenye jina mgongoni. Nimekataa. Jina la nani? Hapa majina hayakai. Achukue yenye namba tupu, tutakuwa tunaitafutia mwenyewe kila mwezi.

Ghalani tuko watatu tunaoongoza bunge hili wakati wa mapumziko. Kuna Mmarekani mmoja wa familia ya wakulima, tunamwita Mzee Mahindi. Cubs walikaa bila ubingwa tangu 1908 mpaka 2016, miaka 108, na yeye alikuwa kwenye foleni hiyo toka utotoni, kwa hiyo ukimwambia subiri anakucheka. Kuna Papa, Mkongo wa Uvira, aliyekuja hapa hajawahi kuona gongo la besiboli, na sasa anawasahihisha wenyeji. Halafu mimi, wa Kigoma, ambaye nilitaka kula chapati yangu kwa amani tu.

Wapigaji ni tisa, wanapangwa kwa foleni, na foleni hiyo ndiyo vita. Mzee Mahindi anasema wa kwanza awe mtu wa subira, asiyerusharusha gongo kwa kila mpira, kwa sababu mrushaji wa mpira akirusha vibaya mara nne mpigaji anakwenda bure besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha kukimbilia. Papa anasema hapana, wa kwanza awe mtu wa mbio. Msimu wa 2025 kocha Craig Counsell alianza na Ian Happ, baadaye akamtanguliza Michael Busch, mtu mwenye nguvu lakini si wa kushindana na swala.

"Ndugu," Papa akaniambia, mimi ambaye sikumuuliza kitu, "huyu kocha anatufanya nini kabisa? Pete Crow-Armstrong yuko pale, anakimbia, anaiba besi bila kungoja mpira upigwe, halafu wa kwanza ni huyu mzito?"

Mzee Mahindi akajibu kwamba Crow-Armstrong anapunga gongo hata inzi akipita. Na kweli anapunga. Nusu ya kwanza ya msimu ule alipunga na kupata, mji mzima ukamwimbia. Nusu ya pili akapunga na kukosa, watu walewale wakawa wataalamu wa subira. Mimi nilimkumbusha Papa kuwa huyo naye alipita mikononi mwetu mwaka 2023. Akasema ndiyo maana anamtetea, ni mtoto wa nyumbani. Mtoto wa California, lakini sawa.

Na kuna hili la kupandishwa na kushushwa, hili ndilo linanitoa povu. Mwaka huohuo wa 2025 Cubs walifungulia msimu Tokyo, dhidi ya Dodgers ya Los Angeles. Kijana Matt Shaw akapangwa kulinda besi ya tatu, macho ya dunia nzima yakiwa kwake. Aprili haijaisha, karudishwa Iowa. Tokyo, halafu Des Moines! Mei wakamwita tena. Mzee Mahindi akasema ni kawaida, mchezaji ambaye timu bado ina ruhusa ya kumshusha anaweza kushushwa hadi mara tano kwa msimu mmoja, sheria ya mwaka 2022 ndiyo iliyoweka kikomo.

Mara tano! Na kuna chama cha wachezaji kilichokaa mezani kikadai hizo tano zisizidi. Mimi msimamizi wangu ananitoa zamu ya mchana ananipeleka usiku, ananirudisha mchana, ananipeleka mlango wa nyuma kupakua magodoro, na hajawahi kutokea wakili kuuliza ni ya ngapi hiyo.

Halafu fedha. Aliyeko Chicago, hata akae benchi akitafuna mbegu za alizeti, mshahara wa chini mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000 kwa mwaka. Aliyeko kwetu Triple-A, kima cha chini kilichokubaliwa 2023 kilikuwa dola 35,800. Mtu ni yuleyule, gongo ni lilelile. Kilichobadilika ni I-80, barabara ya kwenda Chicago. Mke wangu aliposikia hizo hesabu alininyamazisha: "Baba watoto, na wewe wanakulipa ngapi kwa kuwapangia kikosi?"

Lakini hesabu iliyonishinda kabisa ni ya Kris Bryant. Aliisimulia Mzee Mahindi, nikadhani ananitania, kumbe kila mtu anaijua. Mwaka 2015, kwenye mechi za maandalizi, Bryant alipeleka mipira 9 nje ya uwanja. Msimu wa Cubs ukafunguliwa tarehe 5 Aprili. Bryant yuko wapi? Huku kwetu! Viongozi wakasema eti bado anahitaji kunolewa udakaji. Tarehe 17 Aprili wakamwita. Sijui alidaka nini katika siku hizo chache kikamfundisha namna hiyo.

Sasa sikiliza. Mwaka mmoja wa utumishi katika ligi kuu unahesabiwa kuwa siku 172. Ukifikisha miaka sita hiyo, wewe ni huru, unakwenda timu uitakayo kwa bei uitakayo. Bryant msimu ule alihesabiwa siku 171. Siku moja pungufu! Kwa siku hiyo moja timu ikabaki naye mwaka mzima zaidi. Akatoka hapo akawa chipukizi bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mwaka huohuo, mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi hiyo na ubingwa juu. Alifungua malalamiko; mwaka 2020 msuluhishi akasema timu haina kosa. Aliyeibuni hesabu hiyo, nina hakika aliwahi kuwa karani wa mishahara.

Papa aliposikia alikaa kimya, kisha akauliza kama siku ya kusafiri ilihesabiwa.

Nisiwe mchoyo wa sifa, kuna mara Chicago wanatuletea mtu. Nyota akiumia, akianza kupona analetwa kwetu acheze mechi mbili tatu apate pumzi. Siku hizo uwanja unajaa. Na kuna desturi kwamba nyota wa namna hiyo anawanunulia vijana wa Triple-A chakula kizuri baada ya mechi, nyama ya maana. Vijana wanakula. Sisi tuliolipia tiketi na maegesho tunarudi nyumbani na harufu ya soseji.

Na tukifungwa? Wanasema matokeo si muhimu, muhimu ni kukuza vipaji. Tukishinda? Vipaji vimekua, wapelekeni Chicago.

Septemba ndiyo mbaya zaidi. Kikosi cha ligi kuu kinaruhusiwa kutoka watu 26 hadi 28, maana yake wengine wawili wanaondoka. Juzi Papa kaja na karatasi kaandika majina mawili anayotaka yaitwe, Mzee Mahindi kayakata kwa kalamu nyekundu kaandika yake, mimi nimesimama katikati nadai mrushaji mmoja abaki walau mpaka mwanangu amwone. Tukawa tunapayuka mpaka mashine ya kahawa haisikiki.

Msimamizi akatokea na ratiba mpya ya zamu. Mimi na Papa, usiku. Nikamuuliza kwa heshima ni mpaka lini.

Akasema, "Mpaka mtakapoitwa."