Kabla ya kutafuta maboksi, jua sufuria zako ziko kwa nani

Mtu akisikia unahama atakuuliza gari umepata, dalali umeshamalizana naye, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima. Jiko hakuulizi mtu. Yaani kuna imani fulani, na kinababa ndo wanaiongoza, kwamba jikoni ni vitu vidogo vidogo vya kumalizia asubuhi ileile wakati kirikuu inapiga rivasi pale getini. Kitanda kinafunguliwa kwa spana moja kimeisha, kochi linabebwa na vijana wawili limeisha, sasa njoo jikoni uone: kuna vinavyovunjika, vinavyomwagika, vinavyonuka, vinavyokata, na kipo kimoja cha kulipuka kabisa, na vyote hivyo vinatakiwa vipande gari moja na godoro.

Lakini hata hilo sio kubwa. Kubwa ni kwamba jiko lako halimo lote jikoni kwako. Sinia liko kwa mama wa nyumba ya kona tangu ile arobaini, sufuria ya pilau ilienda kwenye kipaimara ikaunganisha kwenye sendofu na haijaonekana tena, kinu kipo uani lakini mchi uko kwa mpangaji wa chumba cha nyuma, na ukifungua kabati lako mwenyewe unakuta hotipoti mbili ambazo hukumbuki kuzinunua wewe wala kuzawadiwa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu na sitoki hapo: kufunga jiko kunaanzia kwa majirani, ukianzia kwa mangi kuomba maboksi umeshaharibu mpangilio.

Sasa kudai chombo nako kuna adabu yake. Huendi mlangoni kwa mtu ukasema naomba sufuria yangu, utaonekana umekuja kugombana na unaondoka. Unaenda kuaga. Hodi, shikamoo bi mkubwa, jamani sisi Jumamosi tunahama. Unakaa, unaulizwa mnaenda wapi, kodi kiasi gani, maji yanatoka, watoto shule itakuwaje, na ukishanyanyuka tu ndo yeye mwenyewe anapiga kelele "Ehe, na lile sinia lako!" Asipokumbuka unamtuma mtoto kesho yake, mama anakusalimia anaulizia sinia, basi imeisha, mtoto hana aibu ya mtu mzima. Na hapo ndo utajua faida ya ile rangi ya kucha chini ya sufuria, maana kwenye shughuli sufuria za bati zinafanana zote, kama hukuweka alama yako utaletewa ya mtu mwingine iliyobonyea na huna ushahidi wowote. Mimi zangu zina kistari cha rangi nyekundu karibu na mkono, hata ikikaa kwa mtu mwaka mzima nikiigeuza tu naijua.

Upande wa pili ni vyombo vya watu vilivyoko kwako, na hivi ndo vinatatua tatizo jingine ambalo watu wanahangaika nalo bure. Wote tunajua bakuli la jirani halirudi tupu. Wakati huohuo una unga nusu mfuko, mchele wa kuelekea mwisho, sukari, nazi mbili, iliki kiganjani, na hivyo vyote ni mzigo wa kumwagika njiani. Si unaona inavyokaa? Wiki mbili kabla ya kuhama acha kununua, anza kupika kilichopo, ule mchele loweka usage vitumbua, unga kanda chapati, na kila bakuli la mtu linalorudi linarudi na kitu. Stoo inapungua, deni linaisha, na majirani wanakuaga vizuri. Afu kuna mtu atakwambia ununue makopo ya plastiki yenye mifuniko ya kubana ili usafirishe unga vizuri, unga wa nini, si uuleni!

Hapa lazima niwaseme kidogo hawa watu wa video za kupanga nyumba. Wanasema kitu ambacho hujakitumia mwaka mzima kitupe au kigawe. Labda kwa nguo sawa, kwa jiko la uswahilini hapana. Ile sufuria kubwa unaweza usiipandishe jikoni kwako miaka miwili na bado ikawa ndo chombo kinachofanya kazi kuliko vyote ulivyonavyo, kwa sababu inapikia misiba ya watu, hitma za watu, sikukuu za watu, na siku likikukuta wewe zinakuja za kwao. Ukiitupa umepunguza kirikuu nafasi, ndiyo, ila mtaa mpya unaingia ukiwa mtu wa kuazima tu. Mimi naibeba hata kama itakaa juu ya mapaja yangu. Cha kuacha ni vingine: chupa ya chai iliyopasuka kioo cha ndani ambayo kila mwaka tunasema tutabadilisha kioo, blenda iliyoungua mota, mifuniko isiyo na mwenzake. Na mifuko ya rambo! Mifuko hii ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 lakini fungua droo ya jiko la mama yeyote hapa Dar utakuta ghala zima limekunjwa vizuri linasubiri sijui serikali ibadili mawazo. Basi itumie leo, kata kipande funika mdomo wa dumu la mafuta ndo uweke kifuniko juu, uzuie mafuta yasilowanishe nusu ya mali yako.

Kwenye kufunga kwenyewe sina maneno mengi. Sahani za udongo zisimamishe kwa ubavu kwenye ndoo ya lita 20, usizilaze moja juu ya nyingine, maana gari likidunda kwenye shimo, sahani ya chini inabeba uzito wa zote. Kati ya sahani na sahani pitisha kanga, unaenda unarudi, sahani, kanga, sahani, kanga, doti moja inakula sahani nyingi tu na hujanunua kitu, kanga nayo si ilikuwa inasafiri hata hivyo. Magazeti siku hizi utayapata wapi, habari zote watu wanasomea kwenye simu. Glasi ziingize kwenye soksi za shule za watoto, zilizofuliwa tafadhali, kisha zipange ndani ya sufuria. Hotipoti zijazwe vikombe. Mbuzi ya kukunia nazi ikunje, meno yazungushie tambara nene ufunge na mpira, kwa sababu kijana wa gari atalibeba hilo furushi bila kujua ndani kuna nini. Vyepesi vyote, miiko, chekeche, ungo, vidumbukize kwenye shangazi kaja. Dagaa na viungo vya pilau vikae mbali kabisa na godoro, hili nalisema kwa uchungu.

Mtungi wa gesi hauna mjadala. Funga valvu, toa regyuleta, na usafiri umesimama wima, usikubali ulazwe hata dereva akikwambia si Tabata mpaka Kimara tu. Ukisimama, kwenye valvu inakaa gesi, ukilala inakuja ile ya maji, na hiyo ikivuja inapanuka zaidi ya mara 200 ikawa gesi. Halafu gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikapotea, inatambaa chini, kwa hiyo usiweke mtungi ndani ya gari mlimokaa watu na vioo mmefunga. Ukifika na kuunganisha pakaza povu la sabuni kwenye maungio, likitoa mapovu inavuja. Povu, sio kiberiti. Na huo mtungi wa kilo 15, hizo 15 ni gesi peke yake, chuma hakijahesabiwa, usimpe mtoto abebe.

Friji izime siku moja kabla, barafu iyeyuke yote, ifute, mlango uufunge na mipira ile myeusi ya bodaboda. Vijana watataka kuilaza ili wapange vitu juu, kataa. Ikilazwa oili ya kompresa inahamia kwenye mabomba, na ukifika ukaichomeka hapohapo kwa haraka ya kupoza maji unaweza ukaiua. Kama ililala, isimame masaa kadhaa kwanza, kama ililala safari nzima iache mpaka kesho. Kwa huo muda hata luku utakuwa hujanunua.

Jiko la mkaa sasa. Najua mkakati wa taifa unataka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, na mimi sipingi, moshi nimeuvuta wa kunitosha. Lakini gesi ina tabia ya kuisha usiku maharage yakiwa yameanza kulainika, na mtaa mgeni hujui muuza gesi yuko wapi. Jiko linabebwa. Mkaa hauna haja, utakuchafulia kila kitu, mwachie jirani.

Kitu cha mwisho kufungwa, na hiki kisipande kirikuu kabisa, unakaa nacho wewe miguuni: kapu. Sufuria ndogo, majani ya chai, sukari, vikombe vichache, kisu, mwiko, kiberiti, sabuni na kipande cha stiliwaya, unga wa ugali wa jioni, chumvi. Chumvi usiisahau ukasema utaomba kwa jirani mpya, mtaingia jioni na kuna watu chumvi usiku hawatoi hata uwe na adabu ya namna gani. Mchana wake wala usijidanganye kupika, kuleni chipsi mayai mtaani na vijana wa gari wanunulie pia, watu waliokula wanabeba kabati la vyombo tofauti kabisa na watu wenye njaa.

Pale mwanzo nimewasema watu wa maboksi bila kueleza kwa nini, sababu yenyewe ni mende. Boksi la dukani limekaa stoo kwenye mchele na sukari za watu miezi, kwenye ile mikunjo yake ya ndani mende wanajificha na kutaga, unalibeba mwenyewe unaliingiza nyumba mpya. Na nyumba mpya nayo ina wa kwake, usidanganywe na rangi mpya ukutani. Jiko tupu lisilo na chombo hata kimoja utalipata mara moja tu, kabla hujaingia, ndo muda wa kupiga dawa kwenye makabati na chini ya sinki, ufunge milango, kesho yake ufute rafu zote kwa maji ya sabuni. Kwa hiyo ufunguo unatakiwa uwe nao siku mbili kabla ya gari. Dalali akianza kukuzungusha, oooh mwenye nyumba kasafiri, oooh fundi bado yuko ndani, mwambie taratibu tu kwamba ile hela yake ya udalali nayo imesafiri, itarudi pamoja na ufunguo.