Gawa diski, ila usiigawe kama keki

Wakuu, mimi ni mtu wa dual-buti na sioni aibu, Windows na Linux kwenye mashine moja, ila naona tunavyogawa diski wengi wetu ni vurugu tupu. Mtu ana SSD ya GB 256, anataka aweke Windows 11, na Linux mbili, Mint na Kali, na bado anauliza kama Fedora, Linux nyingine, itaingia. Itaingia, si ndio, GPT, mtindo mpya wa kugawa diski, kwenye Windows inakuruhusu patisheni (vipande vya diski) 128, ila wewe unakwenda kukaa wapi na picha zako na kazi zako?

Msimamo wangu ni huu: mifumo ya uendeshaji ni wapangaji tu, mwenye nyumba ni data yako. Mpangaji anahama leo kesho anaingia mwingine. Kwa hiyo unapogawa diski anza na data, ipe patisheni yake peke yake, halafu kinachobaki ndio wagawane hao wengine. Watu wengi wanafanya kinyume, data yote imelala kwenye C: humohumo na Windows, siku Windows ikigoma fundi anakwambia "napiga Windows upya", na wewe unaanza kujikuna kichwa maana hata hukumbuki bakapu ya mwisho ulifanya lini.

Na hesabu si ngumu. SSD ya GB 256 Windows itakuonyesha kama 238 hivi, hujaibiwa, ni tofauti ya kuhesabu tu, kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Windows 11 yenyewe inataka angalau diski ya GB 64 lakini kwa masasisho yake mpe 90 apumue, Linux mpe 40 inatosha kabisa, zinazobaki mia na ushee ndio za data. Data hiyo fomati kwa NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, maana Linux inaisoma na kuiandika vizuri, wakati Windows ukiipa ext4, mpangilio wa Linux, inakushangaa tu na kukuuliza kama unataka kuifomati (USIKUBALI). Kuna wanaosema exFAT, mpangilio mwingine unaosomeka kote, mimi siipendi kwa data ya kudumu, haina jono (journal, kumbukumbu ya kila kinachoandikwa) la kurekebisha mambo umeme ukikatika katikati ya kuandika, na hizi laptopu za mtumba tunazonunua betri zake tunazijua wenyewe, chaja ikichomoka tu imezima.

Kuna hii imani ya zamani kwamba Windows "inakula" Linux. Ilikuwa kweli enzi za MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, pale sekta ya kwanza ya diski ilikuwa moja tu na kila mfumo ukiingia unaandika juu ya mwenzake, tena patisheni kuu mwisho nne na diski ya zaidi ya TB 2 haisomeki yote. Kwenye UEFI, njia ya kisasa ya kuwasha mashine, kila mfumo una folda yake ndani ya ile patisheni ndogo ya EFI, hawagombani kihivyo. Sisemi Windows imekuwa malaika. Agosti 2024 sasisho la Microsoft lilizuia Linux za watu wengi zisiwake kwa sababu ya mambo ya Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoaminika wakati mashine inawaka, na waliokuwa na dual-buti ndio walioumia. Ila patisheni hazikufutwa, data ilikuwepo palepale, na hapo ndipo watu wanapochanganya, wanaona GRUB, ile menyu ya kuchagua mfumo, haiji wanadhani kila kitu kimeondoka, wanafomati kwa hasira.

Kinachonikera zaidi ni mafunzo ya video yanayokurusha moja kwa moja kwenye GParted, programu ya Linux ya kugawa diski. Patisheni ya Windows ipunguze ukiwa ndani ya Windows yenyewe, Disk Management ipo, bure. Ikikataa kupungua sana ujue kuna faili hazisogei, mara nyingi ni pagefile (RAM ya akiba kwenye diski) au faili la haibaneti (hali ya mashine ikilala). Na kabla hujagusa chochote angalia kama BitLocker, kufuli la Windows la kusimba diski, imewaka, Windows 11 za siku hizi ukiingia na akaunti ya Microsoft inaweza kujiwasha kimyakimya, halafu ukibadilisha setingi za Secure Boot unadaiwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao hujawahi kuuona maishani. Upo kwenye akaunti yako mtandaoni, uuchukue mapema uandike kwenye karatasi. Na Fast Startup izime, maana ikiwa imewaka Windows haizimi kabisa, inalala, na Linux ikifika kwenye NTFS inakuta imefungwa, unaweza kusoma tu huwezi kuandika, watu wanalalamika eti Linux mbovu.

Eti na saa! Ukitoka Linux ukaingia Windows unakuta saa imerudi nyuma masaa matatu, huku kwetu, kwa sababu Linux inaweka saa ya bodi kwa UTC, saa ya dunia, na Windows inaichukulia ndio saa ya hapa. Si betri ya bodi imekufa, usiende kwa fundi. Fungua terminali ya Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, kwisha habari.

Kwa anayetaka kuonja Linux tu wala asigawe chochote, aiwashe kutoka kwenye fleshi, akae nayo wiki nzima. Mashine pepe (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) nayo nzuri ukiwa na RAM ya GB 8 kwenda juu, chini ya hapo ni mateso.

Na ukweli nikiwa na nafasi ya pili ya diski kwenye laptopu sigawi kabisa. Laptopu nyingi za ofisi za zamani zina nafasi ya M.2 (SSD ndogo bapa) na ya inchi 2.5 (diski ya kawaida ya laptopu) kwa pamoja, fungua mfuniko uangalie au muulize muuzaji kabla hujalipa. Ukiipata, chomoa diski ya Windows, weka Linux kwenye hiyo nyingine, rudisha ya kwanza, basi unachagua kwa kubonyeza F9 au F12 kutegemea mashine yako ni ya kampuni gani.