Kijani Kote, na Nenosiri Liko Wazi

Mwaka juzi niliitwa kukagua usalama wa mipangilio ya programu katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Mkuu wa timu alinifungulia ukurasa wa sera, yaani kanuni za usalama ambazo mfumo hujikagua nazo, na mstari baada ya mstari ulikuwa kijani. Ghala la mipangilio halifikiki kutoka intaneti ya wazi. Data imesimbwa isisomeke bila ufunguo, na ufunguo ni wa kwao wenyewe. Ulinzi dhidi ya kufutwa umewashwa. Nikaomba ruhusa ya kusoma yaliyomo. Hazikupita dakika kumi nikakutana na nenosiri la hifadhidata kuu ya wateja, limeandikwa kama lilivyo, na kila programu iliyounganishwa na ghala lile iliweza kulisoma.

Hakuna sera hata moja iliyokuwa imevunjwa. Jambo hilo halijanitoka akilini tangu siku ile.

Kwa asiyezifahamu huduma hizi: Azure App Configuration ya Microsoft, AWS AppConfig ya Amazon na nyingine za jamii hiyo ni maghala ya yale yanayobadilikabadilika katika programu. Anwani ya hifadhidata, kikomo cha maombi kwa dakika, swichi ya kuwasha kipengele kipya. Programu huyauliza ghalani huku ikiendelea na kazi. Ukibadilisha tarakimu moja, muda mfupi baadaye seva zote zinaitii, bila toleo jipya kutolewa na mara nyingi bila mtu wa pili kutazama. Ndiyo maana tunazipenda, na ndiyo maana ninaziogopa.

Sera za wingu, kama zile za Azure Policy, chombo cha Microsoft cha kuweka kanuni hizo, hulitazama ghala kutoka nje. Huuliza: mlango wa intaneti umefungwa? Kuingia kwa funguo za pamoja kumezimwa? Usimbaji unatumia ufunguo wa nani? Ni maswali mazuri, nami nisingekubali ghala lolote liende kazini bila kuyajibu. Lakini ni kazi ya mlinzi anayekagua kuta na kufuli. Mzigo uliomo ndani hajatumwa kuufungua. Tunahitaji sheria mbili, moja ya ghala na moja ya yaliyomo, na timu nyingi nilizozipitia zinayo ya kwanza peke yake.

Hata hiyo ya kwanza mara nyingi huwekwa nusunusu. Sera inaweza kuwekwa katika hali ya kukagua tu, ikaandika kwamba kuna kosa na kuliacha lipite, au katika hali ya kuzuia. Karibu kila mtu huanza na kukagua, na ni haki yake, kwa kuwa kuzuia ghafla huvunja kazi za watu. Tatizo ni kwamba wengi hubaki hapohapo. Sera iliyokaa mwaka mzima katika hali ya kukagua imegeuka ripoti, na ripoti isiyo na mwenyewe haimzuii mtu yeyote. Mimi ningeiandikia kila sera tarehe ya kuhamia kwenye kuzuia siku ileile inapowekwa.

Na la kwanza kuzuiwa liwe funguo za pamoja. Ufunguo wa aina hii ni mfuatano wa herufi. Anayeushika anaingia, na kumbukumbu za mfumo haziwezi kukuambia ni mtu gani aliyeingia. Hunakiliwa, hutumwa kwenye kundi la gumzo, hubaki kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha kuacha kazi. Kuna jambo lingine ambalo wengi hulipita bila kuliona. Katika Azure, mtu aliyepewa jukumu la kusimamia rasilimali, lile la Contributor, hapati moja kwa moja haki ya kusoma data ya ghala kwa utambulisho wake. Lakini anaweza kuziona funguo za ghala, na kwa funguo hizo anaisoma na kuiandika data yote. Unaweza kugawa majukumu kwa uangalifu mkubwa, msomaji huku na mmiliki kule, huku mlango wa nyuma uko wazi. Kuzima funguo ndiko kunakoufunga. Programu ipewe utambulisho wake na haki ya kusoma tu. Sijaona sababu ya programu ya kawaida kuandika kwenye mipangilio yake yenyewe.

Hapa niwatetee kidogo wahandisi, maana hulaumiwa haraka. Ukizima funguo bila kubadilisha namna violezo vya usimamizi, yaani faili zinazoelekeza rasilimali zijengwe vipi, vinavyojitambulisha kwenye ghala, violezo hivyo havitaweza tena kusoma wala kuandika mipangilio. Mtu anapeleka mabadiliko usiku, yanakataa, naye anaziwasha funguo upya ili akalale. Huyo si mzembe. Aliyeweka sera hakumwandalia njia. Kama msamaha unahitajika, utolewe, lakini uwe na tarehe ya kwisha. Azure Policy inaruhusu kuiandika, na msamaha usio na tarehe ni sera iliyofutwa kimyakimya.

Kuhusu kufutwa sitasema mengi. Ghala la Azure App Configuration lililofutwa laweza kurudishwa ndani ya siku 1 hadi 7, kadiri ulivyopanga, wakati Key Vault, hifadhi ya siri ya Azure, huruhusu hadi 90. Siku saba ni chache mno kwa kitu kinachoziamuru seva zako zote, kwa hiyo weka nakala pengine.

Yaliyomo ndiyo yanayoniuma zaidi, kwa sababu mifano iko hadharani na bado hatubadiliki. Tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilisambaza faili la maudhui, si toleo jipya la programu. Programu ilitegemea sehemu 20 za data, maudhui mapya yakataka ya 21. Kikaguzi chao kilikuwa na kasoro, kikalipitisha. Kwa hesabu ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Tarehe 12 Juni 2025 ikawa zamu ya Google Cloud: data ya sera yenye sehemu tupu iliingizwa kwenye mfumo, ikanakiliwa duniani kote ndani ya sekunde chache, na programu iliyoisoma ikaanguka kila mahali ilipokuwa. Ilikuwa data ya sera, kitu chenyewe tunachokitegemea kutulinda.

Ninachojifunza hapo ni kwamba mipangilio ikaguliwe umbo lake kabla ya kupokelewa, kikaguzi chenyewe kijaribiwe kwa data mbovu, na mabadiliko yatoke kidogokidogo. AWS AppConfig inayo haya: unaandika kanuni za kukubali au kukataa, unachagua mwendo wa kusambaza, na kengele ya ufuatiliaji ikilia mabadiliko yanarudishwa yalikotoka. Vifaa vipo. Sera inayolazimisha vitumike ndiyo haipo katika kampuni nyingi. Mabadiliko ya mipangilio ya mfumo halisi yapite kwa mtu wa pili kama msimbo wa programu unavyopita. Naambiwa hilo litapunguza kasi. Litapunguza, nami nalikubali kwa moyo mweupe.

Mtu atauliza nenosiri liwekwe wapi basi. Ghalani iwekwe anwani tu ya siri, na siri yenyewe ikae Key Vault au hifadhi nyingine iliyojengwa kwa kazi hiyo. Programu huisoma anwani, kisha huenda yenyewe kwa utambulisho wake kuichukua siri. Aliyeruhusiwa kusoma mipangilio peke yake hataona chochote cha kuiba.

Ndivyo tulivyofanya katika kampuni ile. Fundi mmoja alikuwa tayari amelifuta nenosiri kabla sijamaliza kueleza, akaniambia kazi imekwisha. Nikamfungulia historia. Katika daraja la Standard, Azure App Configuration hutunza mabadiliko ya siku 30 zilizopita, na nenosiri lilikuwa palepale, mstari mmoja chini. Jioni ile tulilibadilisha nenosiri lenyewe, kisha tukaanza kupitia kumbukumbu, mwezi baada ya mwezi, kutafuta ni nani mwingine aliyewahi kulisoma.