Daktari tarajali afundishwe pia kufuta dawa za mzee

Chukua bibi wa miaka 78 kutoka Sengerema. Presha imepanda, kaandikiwa amlodipini. Wiki chache baadaye miguu inavimba, jambo ambalo dawa hiyo hulifanya kwa watu wengi. Anayemwona safari hii hatazami dawa anazotumia, anatazama uvimbe tu, basi anaongeza frusemidi ya kutoa maji. Sasa bibi anaamka usiku mara tatu, mara nne, na choo kiko nje. Magoti nayo yanauma, binti yake anamnunulia diklofenaki duka la dawa la jirani. Siku anapoanguka na kuvushwa kuletwa Mwanza, mfuko wake una dawa tatu: ya pili inatibu madhara ya kwanza, na ya tatu inapandisha ile ile presha huku ikizielemea figo.

Mara nyingi atakayempokea wodini ni daktari tarajali, kijana aliyetoka chuoni juzi na anayemalizia mwaka wake mmoja wa mafunzo kazini. Je, kijana huyu afundishwe mahususi namna ya kuwaandikia wazee dawa, au tunambebesha mzigo usio wake?

Nchi zenye makazi mengi ya kulelea wazee zililianza suala hili mapema. Marekani, mwaka 1991, daktari Mark Beers na wenzake walitoa orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee wa kwenye makazi hayo. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipitia dawa za wazee 256 katika makazi 55. Karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na kosa angalau moja, iwe kwenye kuandikiwa, kufuatiliwa, kutolewa dawa au kunyweshwa. Kwa wastani kila mzee alikuwa na dawa 8.

Wanaopinga wana hoja, tena nzito. Mkoani kwetu makazi ya wazee kama yale ya Bukumbi, Misungwi, ni ya kuhesabu. Wazee walio wengi wako majumbani na watoto na wajukuu. Na huko vijijini na visiwani Ukerewe anayewaandikia dawa ni tabibu wa zahanati, tena dawa nyingine zinanunuliwa bila cheti kabisa. Ukimnoa tarajali wa hospitali za Mwanza, Bugando au Sekou Toure, umegusa mwisho wa safari na kuacha mwanzo wake. Wanaongeza kwamba makosa hayatoki kwenye ujinga peke yake. Nawaunga mkono hapo: utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2009, uliofanywa hospitalini, ulikuta makosa karibu 9 katika kila dawa 100 zilizoandikwa, na madaktari wa mwaka wa pili kazini walikosea zaidi kidogo kuliko wa mwaka wa kwanza. Uchovu, kukatizwa katikati ya kazi, kumwandikia mgonjwa usiyemfahamu: hayo semina haiyaondoi.

Lakini hoja hiyo ikinyooshwa hadi mwisho inatuacha mikono mitupu. Tarajali wa leo ndiye mganga mkuu wa wilaya wa kesho kutwa, ndiye matabibu watakayempigia simu. Na kuna mambo ambayo asipofundishwa hayajui kabisa. Gilibenklamaidi, kwa mfano. Ni dawa ya sukari ya bei nafuu, imezoeleka. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu limeweka angalizo kwamba haifai kwa waliovuka miaka 60, kwa sababu inashusha sukari kwa muda mrefu, na mzee anayekula uji kidogo asubuhi na kulala bila chakula anaweza kuzimia asiamke. Au kipimo cha figo: mzee aliyekonda majibu yake yanaweza kusoma vizuri kwenye karatasi ilhali figo zimeshachoka, kwa kuwa misuli inayotoa kreatinini, ile taka ya damuni inayopimwa, yenyewe imepungua.

Kwetu Kanda ya Ziwa kuna uzito wa ziada. Amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, au diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, inaweza kumfanya bibi aweweseke usiku, aongee na wasioonekana, atembeetembee. Ukanda huu umezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Daktari anayeandika dawa ya namna hiyo bila kumweleza mwanafamilia anamrudisha bibi kijijini na hatari nyingine kabisa.

Ninachokihofia katika mafunzo yenyewe ni orodha kukaririwa. Kijana akiogopa kila dawa, atamnyima mzee mwenye saratani dawa ya maumivu, ataacha presha ya 190 bila kuigusa. Hilo nalo ni kosa. Afundishwe kitandani: amwage mfuko wa dawa mezani, mfamasia akiwa pembeni, na kwa kila kidonge aulize kinatibu nini na bado kinahitajika.

Kisha linabaki la mamlaka, ambalo halizungumzwi sana. Tarajali gani atafuta dawa iliyoandikwa na bingwa? Kwenye raundi ananyamaza, anaikopi ilivyo kwenye karatasi mpya. Mabingwa wetu ndio wenye ufunguo hapa. Bingwa akimuuliza kijana mbele ya wote, "Tumtoe dawa gani leo?", somo limeingia kuliko mihadhara kumi.

Na kile kilio cha zahanati kina jibu dogo linaloweza kuanza hata wiki hii. Karatasi ya ruhusa iandikwe pia dawa zilizositishwa na sababu yake, kwa Kiswahili: "Diklofenaki imesitishwa, figo. Asinunuliwe tena." Tabibu wa Sengerema ataisoma, na binti naye ataitoa dukani kabla hajafungua pochi.