Mashine za misitu zilizotumika: hesabu ya mvunaji wa Mufindi

Katika wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, ambako Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini Tanzania, limezungukwa na wavunaji na wapasuaji mbao wenye mitaji midogo, vifaa vingi vya kazi hununuliwa vikiwa vimeshatumika, ama kwa mwenzao wa hapohapo Mafinga, ama kutoka Ulaya kupitia bandari ya Dar es Salaam. Wapo wanaouona ununuzi huo kuwa ni busara ya mnyonge, na wapo wanaosema kwamba mtu hujinunulia matatizo ya mwenzake. Kwa maoni yangu kila upande una haki, ila kwa mashine tofauti.

Trekta ya kuburuta magogo inawapa nguvu wanaotetea vifaa vya zamani. Massey Ferguson ya miaka 30, ikifungwa winchi, bado inafanya kazi, vipuri vyake si vya kutafutwa mbali, na fundi wa kawaida anaweza kuifungua injini yake bila kompyuta. Anayenunua trekta mpya kwa mkopo huendelea kulipa riba hata masika yanapofunga barabara za msituni, na kwa mvunaji mdogo mzigo huo unatosha kumfilisi.

Hesabu inakuwa nzito zaidi kwenye upasuaji. Mashine za dingdong, zilizoenea kote Mufindi na Njombe, hutumia msumeno wa duara ambao kila mkato wake hula takribani milimita 6 za mti, ilhali msumeno wa utepe, yaani ukanda mwembamba wa chuma wenye meno unaozungushwa na magurudumu mawili, hula kama milimita 2. Katika mikato 10 ya gogo moja, wa kwanza unageuza milimita 60 kuwa vumbi na wa pili 20. Tofauti ya milimita 40 inazidi unene wa ubao wa inchi moja, na gogo lenyewe limelipiwa kwa ujazo wake wote. Kwa hiyo msumeno wa utepe uliotumika, hata ukihitaji injini nyingine, unaweza kumfaa mpasuaji kuliko dingdong mpya, mradi reli zake hazijapinda na magurudumu yanayozungusha utepe yamenyooka. Yakiwa yamekwenda upande, ubao hutoka mnene huku na mwembamba kule, na wanunuzi huukataa. Mnunuzi adai gogo lipasuliwe mbele yake, kisha apime ubao katikati na kwenye ncha zote mbili; rangi mpya ya bodi haimwambii chochote.

Wanaopinga wana hoja yao kubwa katika mashine za kisasa za kuvunia kutoka Finland au Sweden, zinazokata, kupogoa na kupima gogo kwa mkono mmoja wa haidroli. Yenye saa 15,000 za kazi huuzwa kwa bei inayovutia, lakini mara nyingi bei hiyo imeshuka kwa sababu matengenezo makubwa ya pampu na mkono yamekaribia. Huku kwetu kihisio kimoja, yaani kifaa kidogo cha umeme kinachoipa mashine vipimo, kikifa, mashine nzima inaweza kusimama kwa wiki kadhaa ikisubiri kipuri, na muda wa kibali cha kuvuna hauisubiri. Isitoshe, mashine hizo zilibuniwa kwa nchi ambako ujira wa mkata miti ni mkubwa na ujazo unaovunwa ni mwingi. Mwenye kibali kidogo hana kazi ya kuitosha.

Kuhusu misumeno ya mnyororo sioni pande mbili za kupima. Uliotumika na usio na breki inayofanya kazi usinunuliwe kwa bei yoyote, kwa kuwa ncha ya msumeno ikigonga mti, msumeno huruka kuelekea kichwa na bega la mkataji, na breki hiyo ndiyo husimamisha mnyororo kabla haujamfikia.

Kwa mashine ya hapa nchini, mnunuzi aiwashe injini ikiwa baridi, aangalie kama mafuta ya haidroli yamekuwa meupe kama maziwa, dalili ya maji, na azuie sehemu ya malipo hadi mashine ifanye kazi msituni kwa wiki moja. Kwa inayotoka ng'ambo, kuzuia malipo ni vigumu. Ndiyo maana ningependa wapasuaji waagize kwa vikundi na kumlipa mkaguzi aione mashine kwenye yadi ya muuzaji kabla fedha hazijatumwa, kwa kuwa gharama inayomwelemea mmoja hubebeka ikigawanywa kwa watano.