Kigurung: Sensa Inasema Kipo, Watoto Je?

Anayetazama takwimu za sensa peke yake atasema Kigurung, lugha ya Wagurung wa Nepal ambayo wenyewe huiita Tamu Kyi, hakina haja ya kuombolezewa. Mwaka 1991, takriban watu 228,000 nchini Nepal walikitaja kuwa lugha yao mama. Mwaka 2001 walifika karibu 339,000, na sensa za 2011 na 2021 zikawakuta kwenye takriban 326,000 na 328,000.

Hata hivyo, ongezeko hilo la kwanza linahitaji kuchunguzwa, kwa kuwa katika miaka hiyo kumi Wagurung wenyewe waliongezeka kutoka takriban 449,000 hadi 544,000 tu. Kilichobadilika zaidi ni siasa. Chini ya utawala wa Panchayat, mfumo wa kifalme usioruhusu vyama vya siasa uliokoma mwaka 1990, Kinepali kilishika shule na ofisi, na kujitaja kwa lugha nyingine hakukuwa na faida. Baada ya hapo jamii zikahimizana kujitokeza. Kwa maoni yangu, sensa imepima fahari pamoja na usemaji, na fahari hiyo, ingawa naiheshimu, haimfundishi mtoto toni za lugha hii, yaani viwango vya sauti vinavyobadilisha maana ya neno.

Wanaotumaini wana hoja nzito. Katiba ya 2015 inazitambua lugha mama zote za Nepal kuwa lugha za taifa, na mwaka 2021 Tume ya Lugha ilipendekeza Kimagar na Kigurung viwe lugha rasmi katika Jimbo la Gandaki. Mwaka 2024 mwandiko wa Khema, unaotumika kuandika Kigurung, uliingizwa katika Unikodi, mfumo wa herufi za kompyuta, ingawa wapo wanaopendelea Kidevanagari, mwandiko wa Kinepali, au herufi za Kilatini, na mvutano huo unachelewesha vitabu ambavyo watoto wanavihitaji sasa.

Upande wa pili, mmomonyoko umeanzia mbali. Kwa takriban karne mbili vijana wa Kigurung wameajiriwa katika vikosi vya Gurkha, yaani vya askari kutoka Nepal, vya Uingereza, na baadaye pia vya India, ambako lugha ya kambini ni Kinepali. Mishahara na pensheni zimewasaidia wengi kushuka kutoka vijiji vya milimani kama Sikles na Ghandruk hadi miji ya Pokhara na Kathmandu, kwenye mitaa ya watu wa lugha mchanganyiko na shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Wazazi hao hawakuisaliti lugha yao. Walikuwa wanawatafutia watoto riziki. Lakini pamoja na kuhama kwao imefifia rodhi, nyumba ambamo vijana walikutana jioni kuimba na kufanya kazi za mikono.

Ninaloliogopa zaidi ni hatima ya pye, masimulizi yanayoimbwa na makuhani wa jadi, ambayo katika mazishi humwongoza marehemu kwenye njia ya mababu. Hupokelewa kwa kukaririwa, tena kwa maneno ya kale, hivyo kijana asiyemudu hata mazungumzo ya kawaida hana mlango wa kuingilia uanagenzi huo. Kinasa sauti kitahifadhi maneno, hakitamzalisha mrithi.

Ndiyo maana napima uhai wa Kigurung kwa darasa la kwanza kuliko kwa sensa. Ibara ya 31 ya katiba inaipa kila jamii haki ya kusoma kwa lugha mama na kufungua shule kwa ajili hiyo; kwa maneno mengine, mzigo wa kutafuta mwalimu unabaki kwa kijiji ambacho vijana wake wengi wamekwisha kuondoka.