Kabla Hujatuma Gitaa Bagamoyo

Wenzangu tulioko nje, hasa sisi wa Bagamoyo, tuna ugonjwa mmoja. Tukisikia kuna vijana nyumbani wanajifunza muziki, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye gitaa. Au kinanda. Au tarumbeta lililokwishatumika: linafungwa kwenye boksi, linaingia kontena, linafika Dar, linalipiwa, linapanda Fuso, linapokelewa kwa picha na makofi. Halafu linaingia stoo. Stoo ina kufuli, na mwenye ufunguo kaenda Chalinze kwenye msiba.

Sisemi kwa kebehi, nami nimechangia maboksi hayo. Lakini mji wetu haujakaukiwa muziki kiasi cha kuhurumiwa. Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981, ndicho hiki tunachokiita TaSUBa, na tamasha lake lilianza 1982. Wanafunzi wa pale wana walimu wao na kumbi zao, siwazungumzii wao. Nawazungumzia watoto wa vikundi vya mitaani, wa kwaya, wa madrasa wanaopiga dufu wakati wa maulidi. Hao wanakutana na chombo mbele ya mwalimu tu. Wakishatoka pale, mpaka wiki ijayo hawana cha kushika, na mwalimu analalamika kwamba watoto wa siku hizi hawafanyi mazoezi nyumbani. Wafanye na nini, na mwiko?

Huku Ufini ninakoishi, binti yangu anajifunza fidla. Elimu ya sanaa kwa watoto huku ina sheria yake, ya sasa ni ya 1998, na gharama wanagawana serikali, manispaa na mzazi. Mzazi analipa, tena si kidogo. Asikudanganye mtu kwamba Ulaya kila kitu cha bure. Fidla yenyewe tunakodi, kwa sababu mtoto anaanza na ndogo, mwili unakua, anahamia kubwa zaidi, na hakuna mwenye akili atakayenunua zote hizo. Maktaba ndiyo ya bure kweli. Maktaba kuu ya Helsinki, Oodi, iliyofunguliwa Desemba 2018, ina vyumba vya kufanyia muziki, na katika maktaba za mji unaweza kuazima gitaa au kantele kwa kadi ileile ya kuazimia kitabu. Kantele ni chombo chao cha jadi, cha nyuzi. Kile kidogo kina nyuzi 5 na unakipakata mapajani.

Vyote hivyo vizuri. Ila kilichonikaa moyoni ni kitu cha rahisi mno: mifuko ya kitambaa iliyotundikwa kwenye misumari mlangoni kwa mwalimu wa fidla. Kila mfuko una jambo moja. Mmoja una dadu, mtoto anarusha na namba inayotoka ndiyo idadi ya kurudia ule mstari unaomshinda. Mwingine una kile kimashine cha kuhesabu mapigo. Mwingine una kadi za midundo, mwingine mwanasesere wa kuketishwa kwenye kiti awe hadhira. Mtoto anachagua, anaandika jina lake kwenye daftari, anaondoka nao, wiki inayofuata anarudisha.

Nilidhani ni michezo tu ya Wazungu. Kisha nikaona nyumbani kwangu mambo yanabadilika. Tulikuwa tukigombana kila jioni kuhusu fidla. Sasa mtoto anavua viatu na kufungua mfuko kabla sijamwambia neno. Nimelifikiria sana, na naona sababu ni hii: kitu cha kuazima kina siku yake ya kurudi. Kilicho chako kitakusubiri hata mwaka mzima, kwa hiyo unakiacha kisubiri. Ndiyo maana nasema tunakosea tunapogawa zawadi. Mtoto akipewa filimbi iwe yake, mwezi wa pili iko chini ya kitanda. Akiazimwa mpaka Jumamosi, Ijumaa usiku lazima ataipuliza.

Najua mtanijibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwetu mtu anaona haya kuonekana ameazima. Hivi kweli? Nani kati yetu amefanya shughuli kwa masufuria yake mwenyewe? Pale mtaani kina mama wana vyombo vyao vya kikundi: masufuria makubwa, sahani, majagi, majamvi, turubai. Vinatoka kwenda kwenye arusi, vinatoka kwenda kwenye hitima, vinarudi vimehesabiwa, na aliyevunja sahani analeta sahani. Mfumo huo haukuletwa na mfadhili yeyote, na sijasikia umewahi kufa kwa kukosa bajeti. Mifuko ya mazoezi ingeendeshwa hivyohivyo, wala pasingekuwa na haja ya kumwita mtaalamu kutoka Helsinki.

Tena kwenye mazoezi ya nyumbani, nyumba ya Bagamoyo inaishinda hii ya kwangu kwa mbali. Huku mtoto anaweza kuazima ngoma, ila aipigie wapi? Tunaishi ghorofani. Kanuni za jengo, kama majengo mengi ya huku, zinataka kimya kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi, na hata mchana jirani akichoka anabandika karatasi kwenye lifti, yenye maneno ya adabu sana yanayouma sana. Wakati wa baridi hewa ya ndani inakauka mpaka mbao zinalia. Zeze nililokuja nalo lilipasuka kibuyu msimu wa kwanza tu. Nyumbani shida ni kinyume chake, unyevu wa bahari unalegeza ngozi mpaka ngoma iote moto kwanza. Lakini uwani kwetu mtoto akigonga beseni, bibi aliyeketi anachambua mchele anamwambia bila kuinua kichwa, "Hapo umeruka, rudia." Hadhira hiyo huku inalipiwa kwa saa. Akinyamazishwa, ni kwa sababu ya adhana au kuna msiba jirani, na hilo kila mtu analielewa.

Ushahidi tunao wenyewe. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa Dodoma aliyehamia Bagamoyo na kuishi pale mpaka alipofariki 2003, ameacha ukoo mzima wa wapiga zeze na ilimba, kile chombo cha vijino vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Watu hupenda kusema ni damu. Damu ipo, sikatai, lakini mtoto anayekua katika nyumba ambamo ilimba iko karibu na mkono wake anapata kitu ambacho mtoto wa jirani hana, na hicho kinaweza kuazimishwa.

Basi mfuko wetu uwe na nini? Nisingeanza na vyombo vikubwa. Ningeanza na vitu ambavyo vikipotea hakuna atakayeitwa serikali ya mtaa. Vijiti viwili na kipande cha mpira wa tairi kilichogongomelewa kwenye ubao, mtoto afanyie mazoezi ya mikono hata usiku. Flashi yenye sauti ya mwalimu mwenyewe akipiga mdundo mara mbili, polepole na kwa mwendo wake, kwa sababu simu ya baba haishikiki lakini sabufa ya kuchomeka flashi iko karibu kila nyumba, na kama haipo, ipo kwa kinyozi. Kwa watoto wa kwaya, vibonye vya kinanda vilivyochorwa kwenye boksi kwa ukubwa uleule: havitoi sauti, ila vidole vinazoea njia, na umeme ukikatika somo linaendelea. Ilimba ndogo moja au mbili, zinatengenezwa palepale mjini na sauti yake haimkeri mtu. Na kijidaftari ambamo mwalimu anaandika kazi moja. Moja tu, jamani. Walimu wetu wanapenda kuandika saba.

Filimbi inanitia mashaka, kwa ajili ya mate. Itoke kama kuna mtu wa kuiosha kwa sabuni kila inaporudi, la sivyo ibaki.

Nililieleza wazo hili kwa rafiki yangu anayefundisha ngoma watoto wa mtaani, likizo iliyopita. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Dada, huko kwenu mtu akipoteza kitu kuna kadi yake, kuna anwani yake. Mimi hapa mtoto akihamia Kibaha na ubao wangu, namwandikia nani barua?" Hoja nzito. Maktaba ya Ufini inakuamini kwa sababu serikali inajua unalala wapi. Ila nilimuuliza: masufuria je, yanarudije? Akacheka. Yanarudi kwa sababu Mama Fulani anamjua mama yako, na anayo sauti.

Kwa hiyo mifuko isiazimishwe kwa mtoto. Iazimishwe kwa mama au bibi yake, mbele yake, aandikwe yeye kwenye daftari. Hapo mna faida mbili, mfuko unarudi, na nyumbani kuna mtu mzima anayejua kwamba kuna kazi ya kufanywa kabla ya Jumamosi. Kuhusu fedha ya dhamana, wengine wanaipenda. Mimi naiogopa, itawaondoa walewale tunaowataka.

Nasi wa nje tutume flashi, betri za vimashine vya kuhesabu mapigo, na nyuzi. Nyuzi hasa. Gitaa lililokatika uzi wa kwanza ni rafu ya kuwekea vumbi, na huku pakiti ya nyuzi unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Aliyekwisha kufunga gitaa kwenye boksi alitume tu, lakini ajaze nyuzi humo ndani.

Kitu kimoja ningekisisitiza kwa rafiki yangu yule: daftari asilishike yeye. Mwalimu akiwa mdai, watoto wataanza kumkwepa hata darasani. Apewe mmoja wa wale kina mama wa vyombo. Ninayemfikiria mimi yuko Magomeni ya palepale Bagamoyo, sauti yake inafika barabarani, na katika miaka yote ya shughuli za mtaa ule sijasikia amepoteza hata upawa.